Watazamaji Mbele ya Kifo cha Mufasa

Filamu ya katuni inayoonyesha kifo cha mzazi huwa na watazamaji wa rika mbili waliokaa sehemu moja. Mtoto anamwona mnyama mdogo akifiwa, na mtu mzima aliye pembeni yake anamkumbuka aliyemzika mwenyewe. Katika Afrika Mashariki hakuna katuni iliyowakutanisha hao wawili zaidi ya The Lion King, iliyotolewa na Disney mwaka 1994 chini ya waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff. Mandhari yake ni mbuga za ukanda huu, na majina ya wahusika wake kama Simba na Rafiki mtoto yeyote wa Kitanzania anayajua kabla hajaanza kutazama. Kiini chake ni msiba: mtoto amempoteza baba, anajiona ndiye aliyesababisha, anakimbia, na baadaye anampata baba huyo kwa njia ambayo mtazamaji lazima aikubali kwa moyo kuliko kwa macho.

Kwa wakazi wa Nyakato, upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza, filamu hiyo ina ukaribu wa pekee. Barabara inayokatiza Nyakato na Igoma kuelekea Musoma ndiyo inayopita lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, hatua chache kutoka ziwani. Basi linapovuka eneo hilo, abiria wa dirishani huweza kuwaona nyumbu na pundamilia bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Hata hivyo watoto wengi wa Nyakato wamemjua simba kwanza kwenye runinga, na simba huyo alikuwa anaongea Kiingereza.

Tukio linalowaliza watazamaji liko katikati ya filamu. Simba mdogo ameachwa na baba yake mdogo, Scar, kwenye bonde lenye kuta za mawe, na kuambiwa asubiri. Anajaribu ngurumo yake mbele ya kinyonga, mwangwi unarudi, na papo hapo mawe madogo yanaanza kurukaruka ardhini. Nyumbu wanamiminika bondeni. Msafara huo huchukua kama dakika mbili na nusu tu kwenye filamu, lakini mafundi waliutengeneza kwa kompyuta kwa zaidi ya miaka miwili, ili kila nyumbu akimbie kwa njia yake na kundi lionekane halina mwisho. Mufasa anamwokoa mwanawe, anamweka juu ya jabali, kisha anapanda ukuta wa bonde akimwomba ndugu yake msaada. Scar anamshika kwa kucha, anamnong'oneza, anamwachia.

Kinachofuata ndicho kilichoitofautisha filamu hii na zile zilizotangulia. Katika Bambi ya mwaka 1942 mama wa paa anapigwa risasi nje ya picha. Mtazamaji anausikia mlio tu, na mtoto anaambiwa kwamba mama hatakuwa naye tena. The Lion King inamsogeza mtazamaji hadi kwenye mwili. Vumbi linatua. Simba anausukuma uso wa baba yake kwa kichwa, anamvuta sikio kama alivyomvuta asubuhi ile alipotaka waamke watembee, anaita msaada na hakuna anayejibu. Mwishowe anajipenyeza chini ya mguu wa mbele wa marehemu na kulala hapo. Maneno ni machache mno, na ndiyo maana tukio hili halihitaji mkalimani popote duniani. Hans Zimmer, Mjerumani aliyetunga muziki wake na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1995, ameeleza hadharani kwamba alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka sita, na kwamba muziki huo ulikuwa kwa ajili ya baba huyo. Anayeusikiliza akijua hivyo hashangai tena kwa nini watu wazima hunyamaza wakati ule.

Vifo vya namna hii si jambo la nadra katika katuni. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichunguza filamu kumi za Disney wakakuta ndani yake matukio 23 ya kifo. Mwaka 2014 Ian Colman wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la BMJ ulinganisho wa katuni 45 za watoto na filamu 90 za watu wazima: wahusika wakuu wa katuni walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu kuliko wa filamu za wakubwa, na wazazi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mzazi anayemwekea mtoto katuni ili apate nafasi ya kupika anapaswa kuujua ukweli huo. Katuni ni mojawapo ya sehemu ambazo mtoto wa leo hufundishwa kifo, na mara nyingi hufundishwa akiwa peke yake.

Filamu hii iliwafikia watu wa Mwanza kwa njia ambayo watengenezaji wake hawakuipanga. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka huohuo wa 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Picha zilikuja kwa mikanda ya deki. The Lion King, ambayo iliuza zaidi ya nakala milioni 30 za kanda duniani, ilisambaa katika miji ya Afrika Mashariki kwa nakala za nakala, rangi zikiwa zimepauka na sauti ikikwaruza. Baadaye zikaja CD, DVD, flashi na ving'amuzi. Toleo jipya la mwaka 2019 lililoongozwa na Jon Favreau, na Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins iliyotoka Desemba 2024, yaliwakuta watazamaji ambao wengi wao hutazama kwenye simu.

Kati ya mikanda na simu kilikuwapo, na bado kipo, kibanda umiza: chumba cha mabati au cha matofali, mabenchi ya mbao, runinga juu ya meza, ubao mlangoni wenye orodha ya mechi na picha za siku hiyo iliyoandikwa kwa chaki. Wakubwa hukaa kwenye mabenchi, watoto hubanana chini mbele kabisa, shingo zikiwa zimeinuliwa. Hapa ndipo Watanzania wengi walipojifunza kutazama filamu, na walijifunza kuitazama kwa sauti. Mtazamaji wa kibanda umiza humwonya mhusika kwamba adui yuko nyuma yake, humtukana msaliti, hupiga makofi steringi, yaani shujaa wa picha, anapoamka baada ya kipigo. Kunyamaza kwao Mufasa anapokufa ndiko kunakohitaji maelezo.

Utamaduni huo wa sauti ulipata mabwana wake. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, na baadaye DJ Mark na wengine, walirekodi masimulizi yao ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni: walitafsiri, walifafanua, walichekesha, na walimpa mhusika wa Hong Kong au Mumbai tabia za mtu wa Manzese. Nchini Uganda wenzao huitwa viijei, na VJ Jingo ni miongoni mwa majina yanayojulikana sana. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, katika makala yake ya mwaka 2010 kuhusu usanii huo wa Tanzania, aliufananisha na kuugeuza wali kuwa pilau. Kazi nyingi za wasimulizi hao ni filamu za mapigano, za Kihindi na za Kinigeria. Katuni kwa kawaida hutazamwa ilivyo, na anayefanya kazi ya Lufufu ni dada au kaka wa darasa la sita mwenye Kiingereza cha kubahatisha, anayewaambia wadogo zake nani kasema nini. Lugha ya Kizulu inastahili kutajwa hapa: filamu iliwekewa sauti za Kizulu tangu mwanzo, na Lebo M wa Afrika Kusini ndiye anayeifungua kwa wito wake unaojulikana kote. Kiswahili kilitoa majina ya wahusika, lakini wakati ule hakikupewa toleo lake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtoto anayetafsiriwa na dada yake hupata habari za kisa na kukosa maneno ya kuomboleza.

Kanuni ya kwanza anayoijua mtoto wa kibanda umiza ni kwamba steringi hafi. Mufasa anaingia akiwa na kila dalili za usteringi: ukubwa, sauti nzito ya James Earl Jones, fisi wanaomkimbia. Anapoanguka, watoto hungoja aamke. Katika picha za ngumi steringi hulala chini, damu hutoka mdomoni, kisha hukumbuka mafunzo ya mwalimu wake na kusimama. Mufasa hasimami. Swali linalofuata, ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa na watoto mbele ya filamu hii amelisikia kwa namna moja au nyingine, ni kama kweli amekufa au ataamka baadaye. Swali hilo hupita mipaka ya filamu. Ni swali lilelile ambalo mtoto huuliza nyumbani kunapotokea msiba, naye hujibiwa kwamba babu amesafiri, au amelala.

Wanasaikolojia wamelichunguza swali hilo kwa muda mrefu. Maria Nagy, aliyefanya utafiti nchini Hungaria na kuuchapisha mwaka 1948, aliona kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano huchukulia kifo kama safari au usingizi. Wa miaka mitano hadi tisa hukiona kama mtu fulani anayekuja kuchukua watu na anayeweza kukwepwa. Na karibu na miaka tisa au kumi ndipo wanapoelewa kwamba kifo hakirudi nyuma na kwamba humfika kila mmoja. Watafiti waliomfuata wameisahihisha mipaka ya umri, wakisema watoto wengi huelewa mapema kuliko hapo, hasa waliokwishafiwa. Ndiyo sababu benchi moja la kibanda huweza kuwa na mtoto wa miaka minne anayengoja Mufasa aamke, wa miaka saba anayetaka Scar auawe mara moja, na wa miaka kumi anayefuta machozi kwa kola ya shati la shule huku akijifanya anakuna pua.

Lipo jambo lingine ambalo filamu hii ililigusa kwa usahihi wa kushangaza. Scar anamwambia Simba kwamba asingekuwa yeye, mfalme angekuwa hai, na anamwamuru akimbie asirudi. Watoto wadogo hupenda kuamini kwamba mawazo na maneno yao yana nguvu ya kusababisha mambo: aliyemkasirikia mama jana na kusikia leo kwamba mama kalazwa hudhani hasira yake ndiyo iliyomlaza. Hatia hiyo haisemwi, kwa kuwa mtoto anaogopa kuthibitishiwa. The Lion King inaitoa hadharani, inaionyesha kuwa ni uongo wa Scar, na inampa mtazamaji mdogo nafasi ya kumpigia Simba kelele kwamba hakukosa. Kelele hizo za kibandani zina thamani kuliko utulivu wa jumba la sinema. Mtoto anayemtetea Simba kwa sauti anajitetea na yeye mwenyewe.

Pwani ya kusini ya Ziwa Victoria si mahali ambapo kifo huja kama habari ya mbali. Tarehe 21 Mei 1996, miaka miwili baada ya filamu hii kutoka, meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikitokea Bukoba, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, jirani na Nyakato, kando ya barabara ileile ya Musoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu 228 walikufa. Vijana wa Nyakato waliozaliwa katika miaka ya MV Bukoba walikua wakipita kando ya makaburi ya Igoma kwenda shule na sokoni. Miongoni mwao walikuwamo walioambiwa kwamba baba amesafiri, na safari hiyo kweli ilianzia gatini.

Kwa mtazamaji aliyelelewa katika mazingira hayo, filamu ina upungufu ambao mtazamaji wa Marekani huenda asiuone: Mufasa hana msiba. Hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna wanaume wanaoota moto nje usiku kucha, hakuna daftari la rambirambi, hakuna masufuria ya majirani. Scar anatangaza kifo kwa sentensi chache na kujitwalia ufalme usiku uleule, mbele ya majike wanaolia. Mtoto wa marehemu, ambaye kwa desturi angekuwa katikati ya shangazi na bibi, yuko jangwani peke yake akizungukwa na tai. Kisha anaokotwa na wageni wawili, nguchiro na ngiri, wanaomfundisha kuyasahau yaliyopita. Wimbo wao umependwa sana, na watoto huucheza. Wakubwa hucheka pia, ila ushauri wenyewe ni mbovu, na filamu yenyewe inakiri hivyo baadaye: nyota zinapotajwa, Simba aliyekomaa anaondoka kwa wenzake.

Basi watazamaji huuleta msiba wenyewe. Mama anayepita na beseni husimama, huuliza nini kimewapata watoto, huambiwa baba yake Simba kafa, naye husema pole kwa sauti kama anavyosema kwa jirani. Anayelia huvutwa karibu. Robin Dunbar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliripoti mwaka 2016 kwamba waliotazama pamoja filamu ya kuhuzunisha, na kuguswa nayo hasa, walivumilia maumivu zaidi baada ya hapo na walijiona wako karibu zaidi na wenzao waliokuwa nao. Watu wa kando ya ziwa hawakuhitaji maabara ili kujua kwamba kulia pamoja huwaunganisha watu, lakini ni vizuri kwamba jambo hilo limepimwa, kwa sababu linaonyesha kosa la kumkabidhi mtoto simu na visikizi.

Sehemu ya pili inayowagawa watazamaji ni ile ya mawinguni. Rafiki, nyani mwenye fimbo na vibuyu, anamwongoza Simba hadi kwenye dimbwi la maji. Kwanza anaona sura yake tu. Akitazama tena, anamwona baba yake. Kisha Mufasa anatokea angani na kusema naye. Kwa mtazamaji wa Ulaya hii ni picha ya fikra, njia ya kuonyesha kumbukumbu. Katika nchi ya Wasukuma, ambako wazee walijua kwamba masamva, yaani wahenga waliotangulia, hawakukatika na walio hai, na ambako mfumu, yaani mganga wa jadi, aliulizwa nini wanataka, tukio hilo halikuwa la ajabu. Rafiki alifahamika mara moja ni nani. Kwa sababu hiyohiyo wapo wazazi, Wakristo na Waislamu, ambao halikuwapendeza: waliona ni uganga umeletwa kwa watoto ndani ya katuni. Hofu yao isidharauliwe, maana wameielewa picha kuliko wanaosema ni mchezo tu. Lakini dimbwi la maji linatoa jibu ambalo mzazi wa dini yoyote anaweza kulitumia: mtoto anamwona baba ndani ya uso wake mwenyewe, katika namna alivyofanana naye na katika aliyofundishwa.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na kisa chake cha mtoto aliyempoteza baba muda mrefu kabla ya Disney. Ni kisa cha Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we, kinachosimuliwa na Wasukuma na kinachoelezwa pia katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, ambayo padri David Clement kutoka Kanada aliyaanzisha. Kutoka Nyakato hadi Kisesa ni safari fupi ya daladala. Shing'weng'we amewameza watu wote na mifugo yao. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye mapumba ya nafaka. Anamzaa Masala. Mtoto anakua, anauliza baba yuko wapi, na mama anamwambia ukweli: amemezwa. Tangu siku hiyo mtoto anatoka kuwinda na kurudi na mawindo, la kwanza dogo kama panzi, mengine makubwa kidogo kila mara, akiuliza kama huyu ndiye Shing'weng'we. Mama anajibu kila mara kwamba bado, zimwi ni kubwa kuliko hilo. Mwishowe analipata, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka hai. Katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi mmoja, naye bibi huyo hakubali kushukuru mpaka jeraha lake litibiwe.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, tofauti inaonekana kwa mama. Simba alidanganywa, akanyamaziwa, akakimbia. Masala aliambiwa ukweli na mtu aliyekaa naye, kidogo kidogo, kwa kadiri ya mawindo aliyoleta. Maswali yake yalirudiwa bila kukemewa. Na hata ushindi haukuondoa kila kidonda: bibi bado ana sikio lililokatwa. Hekima hiyo ya kumweleza mtoto kifo ni nzito, na iliwahi kuwapo kwenye kila jiko la Usukuma.

Tanzania sasa inao wachoraji wa kuirudisha kwenye picha zinazotembea. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC1 mwaka 2014, na mfululizo wake mwingine, Akili and Me, una msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land. Ufundi wa kuonyesha fikra za mtoto umeshapatikana, kwa Kiswahili, na watoto wanaupenda. Kinachotakiwa ni ujasiri wa kuugusa msiba. Mwandishi au mchoraji atakayeichukua hadithi ya Masala Kulangwa asiikate ile sehemu ya mama na mtoto mlangoni, panzi akiwa mkononi, kwa kuogopa kwamba watoto watalia. Aiache ndefu. Na mtu mzima atakayekuwa chumbani siku itakapoonyeshwa asiseme acha kulia, hiyo ni katuni tu. Aketi chini pamoja na watoto, na akiulizwa kama baba atarudi, ajibu ukweli.